Stoku Isiguswe

Mwaka 2007, nikiwa na miaka thelathini na minne, tingatinga lilipita juu ya mgahawa wangu karibu na stesheni ya Tabora, maharage yakiwa bado jikoni. Sitaandika lilitumwa na nani. Niliokoa sufuria tatu, mwiko mmoja na benchi lililokatika mguu, nikavihamishia mtaa wa Ng'ambo kwa kichwa, safari mbili, na watu niliowalisha miaka sita wakanipisha njia kama wanavyopisha jeneza. Habari za baba na mama sizileti hapa. Walinizaa, wakafanya kazi yao, inatosha. Shule niliachia darasa la nne, na hilo nalisema mapema ili msomaji asije akalitafuta huko mbele kama siri.

Kilichonifanya niyaandike haya ni Swedi. Mwezi uliopita alishuka kwenye treni, ndevu zake zimekuwa nyeupe kama pamba ya Igunga, akakaa barazani kwangu, akafungua kompyuta yake ya kukunja na kunionyesha mchezo wa kuwinda wa siku hizi. Mnyama unamwona anavyopumua. Bunduki unaifungua kipande kipande, unachagua mbao, unachagua urefu, unachagua darubini, mpaka mikwaruzo ya uzee unachagua iwe wapi. "Tazama, Nyanzala," akaniambia, "siku hizi stoku hazina idadi." Tulicheka mpaka mjukuu wangu akatoka ndani kuuliza nani kafa. Kisha Swedi akasinzia kwenye kiti, mdomo wazi, nami nikabaki natazama ule msitu wa baridi kwenye kioo, haumalizi kumwaga theluji. Mwaka ule ukanirudia. Haukuja kwa mpangilio. Ulikuja kama moshi wa jikoni unavyoingia chumba cha kulala, hujui umepitia wapi, unashtukia tu macho yanawasha.

Wakati ule Swedi alikuwa fundi wa redio na kompyuta, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuja Tabora kwa wiki mbili na kukaa miaka minane. Alipanga chumba kirefu nyuma ya duka la vitambaa la Mama Zarina, mjane wa Kihindi, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Tabora na kusema Kiswahili kunishinda mimi. Humo ndani Swedi alikuwa na kompyuta moja, feni moja na mchezo mmoja, na watu walilipa kukaa nusu saa kwenye kile kiti. Mimi nilimfuata kumwomba nipike pale nje, kwenye kipenu, ili wanaosubiri zamu wale. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhuka Pwani na pembe mabegani na babu zao wakawangoja njiani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na hukasiriki. Mtani anachukua kitu chako na humshtaki. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

"Mnyamwezi," aliniambia siku ile ya kwanza, hata sijatua sufuria, "mpagazi wangu umechelewa. Mzigo uweke pale."

"Nimekuja kudai posho ya babu yangu," nikamjibu. "Mliila huko kwenu, akarudi Unyanyembe anatafuna majani."

"Unaitwa nani?"

"Nyanzala."

"Maana yake?"

"Aliyezaliwa mwaka wa njaa."

Akapiga magoti akishika tumbo. "Mungu wangu! Jina lake Njaa, na anauza chakula!"

Chumba kile nakiona mpaka leo kuliko ninavyoona hiki ninachoandikia. Kuta zilipakwa rangi ya bluu mpaka kiunoni, juu chokaa. Dirisha lilizibwa na gunia ili jua lisipige kioo, na lile gunia lilikuwa na tundu moja, basi kila alasiri mshale wa mwanga ulitembea ukutani taratibu, ukapita juu ya vichwa vya watu, ukafika mlangoni ukafa. Nje Tabora ilikuwa inaungua, mwezi wa kumi, hata kuku wamefungua mabawa. Ndani kulikuwa na theluji. Watu wazima, wenye watoto, walikaa kwenye mikeka wakisubiri zamu na kutazama mtu mmoja akitembea msituni kwenye nchi wasiyoijua jina, kimya, hatua zake zinalia kwenye theluji krup, krup, krup. Mnyama wa huko mmoja alikuwa na pembe pana kama vyano vya chakula, tukamwita Mzee wa Vyano. Mwingine, aliyefanana na pofu wa porini kwetu, tulimwita pofu wa baridi. Dereva mmoja wa malori ya Nzega aliwahi kuvaa koti kabla ya kukaa kwenye kiti, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilikuwa nikimaliza kusonga ugali naingia, nasimama nyuma na mwiko mkononi, na kwa muda ule mfupi sikumbuki tingatinga. Nadhani wengi wao walikuja kusahau kitu kama mimi. Hatukuulizana.

Bunduki ya mchezo ule ilikuwa ya kuundwa. Kabla ya kuingia msituni ilitokea imelala kwenye kitambaa cha kijani, na pembeni maneno ya Kiingereza, na kila neno lina mshale wa kubadilisha. Sasa wateja walikuwa wanabofya ovyo na kuharibu, wanagombana, basi Swedi akaamua kuyatafsiri ili yabandikwe ukutani. Alikuwa na kamusi kuukuu isiyo na jalada. Yeye alisoma, mimi niliandika kwenye boksi la sabuni, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, shule niliacha ila mwandiko nilitoka nao.

"Hili la kwanza," akasema, akifuata mstari kwa kidole, "ni pipa."

"Bunduki ina pipa?"

"Kamusi imesema pipa."

"La maji au la pombe?"

"Andika, Njaa."

Nikaandika PIPA. Neno la pili kamusi ilisema jarida. Nikamwuliza ni mwindaji gani anakwenda porini na gazeti, akasema Wazungu wanapenda kusoma wakisubiri. Nikaandika JARIDA. La tatu lilikuwa STOCK, na hapo nilimnyang'anya kamusi, maana neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Muuza duka gani Tabora hajui stoku? Stoku ni mzigo uliobaki dukani. Na kweli, mbele ya neno kulikuwa na namba, na mshale ukibonyezwa namba zinahama, moja mpaka sita. Nikamwambia Swedi, hii ina maana bunduki zimebaki sita tu, na hawa washamba wako wanabofya mpaka zitakwisha. Akafikiri, akakubali. Basi chini kabisa ya boksi, kwa herufi kubwa kuliko zote, nikaandika: STOKU ISIGUSWE. Na haikuguswa. Miezi mitatu, mji mzima uliopita kwenye kile chumba ulibadilisha pipa, ukabadilisha jarida, na hakuna mkono uliogusa stoku. Mtu mmoja aliyejaribu nilimpiga mwiko wa mgongo.

Mvua zilianza, uyoga ukaingia sokoni, na siku moja ya uyoga ndipo akaja Mzee Mihayo. Alitoka Kwihara kwa miguu, mrefu, mkavu, koti la kijeshi limefungwa kwa kamba, na macho yana ukungu kama kioo cha taa kilichokula moshi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akinitazama begani badala ya usoni. Akala uyoga wa karanga na ugali, akala tena. Ndani mtu akapiga risasi, akakosa, wakazomea. Mzee akauliza, "Nani anawinda nyumbani kwa watu?" Nikamshika mkono nikamwingiza. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, maana mbali hakuona, akasimama hivyo wachezaji watatu wakipita mmoja baada ya mwingine, wote wakikosa.

"Wote mnapiga juu," akasema.

"Mchezo mgumu, babu," mchezaji akajitetea.

"Siyo mgumu. Kitako ni kirefu. Punguza kitako."

Tukatazamana. Swedi akamwambia kwa adabu kwamba mchezo huu una pipa, una jarida, kitako hauna. Mzee akanyoosha kidole chake kikavu, akakiweka juu ya kioo, pale pale kwenye mbao nene za nyuma ya bunduki, zile zinazoegemea bega.

"Na hiki ni nini? Kitumbua?"

Swedi akabofya pembeni ya kidole cha mzee. Lile neno STOCK likawaka.

Swedi alinigeukia polepole, akatazama boksi langu ukutani, akanitazama mimi, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. "Stoku," akasema. "Miezi mitatu, Nyanzala. Miezi mitatu umefunga duka ambalo halipo." Mzee hakucheka. Alitaka kujua ni nani aliyezuia watu kugusa kitako, na nilipojitaja akasema, "Basi wewe umewalisha hawa watu aibu," neno ambalo lilinichoma kuliko kicheko. Akaamuru kitako cha pili kutoka kifupi. Yule mchezaji akaingia msituni, akatembea, akalala kwenye theluji, akapiga. Mzee wa Vyano akaanguka. Chumba kizima kiliruka, wakapiga vigelegele wanaume, mpaka Mama Zarina akagonga ukuta kutoka dukani: "Punguzeni risasi jamani! Nimeshatawadha, nataka kuswali!"

Tangu siku hiyo Mzee Mihayo alikuja kila alasiri. Alikuwa mchonga vitako. Magobole ya wawindaji wa upande wote ule, mpaka Sikonge huko, yalikuwa na mbao zilizopita mikononi mwake, na chuma alikuwa anafua mwingine, yeye mbao tu. Lakini magobole yalikwisha kusalimishwa serikalini, wawindaji wenyewe wengi wamekufa, na wanawe wa kiume mmoja alifuata tumbaku, mwingine dhahabu ya Nzega. Aliniambia haya huku akitafuna matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, ambavyo nilikuwa namwekea kwenye kibakuli chake peke yake. Aliongea kama anayesimulia mtu mwingine. Kitako hakichongwi kwa macho, alisema, kinachongwa kwa mtu. Unampima kutoka kwenye pindo la kiwiko mpaka kwenye kidole kinachofyatua. Unamwambia afumbe macho, alaze shavu, afumbue. Kama anaona pale anapotaka kuona, umemaliza. Kama anatafuta, rudi kazini. Mtu na chuma havipatani, mbao ndiyo mshenga.

Kwenye ule mchezo kilichomsumbua zaidi ni kwamba mwindaji mwenyewe haonekani. Unaona mikono yake miwili tu chini ya kioo, imevaa glovu, inashika bunduki. Mzee alikaa siku nyingi akiichunguza ile mikono, pua kwenye kioo, wateja wakilalamika anawaziba. "Huyu mtu nani anamjua?" aliuliza. Hakuna. "Mfupi huyu. Shingo ndefu. Na hajawahi kubeba kitu kichwani, tazama anavyoshika, anashika kama anayeogopa kuchafuka." Akamchagulia kitako kwa makisio. Akamchagulia na mti, kulikuwa na miti mitatu, yote akaiita ya kuni, akachukua ule wenye wekundu kidogo kwa sababu ulifanana kwa mbali na mninga. Hapo chumba kilikuwa kimya, feni inazunguka, mshale wa mwanga unatembea ukutani, na mtu asiye na uso anatembea kwenye msitu usio na harufu akiwa na bunduki iliyochongewa yeye na mzee wa Kwihara. Leo ninapokumbuka sijui tulikuwa wapi. Tabora hatukuwa. Huko kwenye theluji hatukuwa. Tulikuwa mahali pa katikati, na mimi nilipapenda.

Na hapo ndipo nilipoanza kukitaka kile alichokuwa nacho. Nisieleweke vibaya, sikutaka bunduki. Nilitaka kazi ambayo tingatinga haliwezi kupita juu yake, kazi inayokaa kwenye mikono, ukifukuzwa unaondoka nayo. Nikamwambia waziwazi. "Mzee, nifundishe kuchonga." Aliweka chini kibakuli.

"Mwanamke hashiki kitako. Hashiki na tezo lililochonga kitako. Ndivyo tulivyokuta, na waliotangulia walikuwa na sababu."

"Sababu gani?"

"Sikuuliza. Nawe usiniulize."

"Macho yako yanakwisha, mzee. Mwakani huoni. Utamfundisha nani?"

"Nikifumba macho, na kitako kinafumba."

Nilikasirika siku tatu. Ugali wake nilimpa bila mboga ya pili. Siku ya nne Swedi, aliyekuwa anasikiliza akiwa chini ya meza anaunga nyaya, akatoa kichwa akasema, "Mzee, samahani, mtani nina swali. Ile ya humu ndani ni bunduki?" Mzee akafikiri muda mrefu. Akasema hapana, ni picha. "Basi mwanamke akibofya picha, amegusa kitako?" Mzee akatafuna, akameza. Akasema picha ni picha. Hivyo ndivyo nilivyoanza shule yangu ya pili, mimi kwenye kiti, kipanya mkononi, yeye nyuma yangu anafundisha. Fupisha. Inua pale shavu linapokaa. Umeinua sana, huyo sasa atatazama mawingu. Shusha. Mchukue mwingine, mtu mnene, huyo utamwekea wapi? Aliniletea watu kutoka kumbukumbu zake, wawindaji waliokufa, kila mmoja na kiwiko chake na kidevu chake, nami nikawaundia bunduki kwenye kioo mmoja mmoja, alasiri baada ya alasiri, na wateja wakazoea kusubiri marehemu wamalizwe kwanza. Ila mbao zenyewe hapana. Tezo lake alilibeba kila siku ndani ya koti, nikaliona mpini wake umeng'aa kwa miaka ya kiganja, na kila nilipolitazama alilifunika.

Mvua kubwa zilipopita, ukungu wa macho yake uliziba. Asubuhi moja alikuja ameshikwa mkono na binti wa jirani, akakanyaga sufuria yangu ya maharage. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua. Siku hiyo alikaa kwenye benchi bila kusogelea kioo. Swedi akamsalimia, akamkumbatia kwa utani kama kawaida yao, "Mpagazi leo umeacha mzigo wapi?", akampapasa koti, na alipojitenga tezo lilikuwa mkononi mwake. Akavuka chumba, akaliweka kwenye mapaja yangu.

Mzee akajipapasa. "Swedi. Tezo langu."

"Mtani wako nimeliiba," Swedi akasema. "Nimelitoa. Halipo kwangu tena."

"Umempa nani?"

"Njaa."

Watu wote mkekani waliacha kutafuna. Mimi nililishika kwa vidole viwili kama linaungua. Mzee angeweza kunifukuza, angeweza kunilaani, na mimi ningelirudisha. Kumlaumu Swedi hakuweza, hiyo ndiyo sheria ya utani, kongwe kuliko sisi sote. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi, kinakombolewa, na bei anataja mtani.

"Nilikomboe kwa kitu gani?" mzee akauliza.

"Kwa tembo," Swedi akasema. "Tembo mzima. Nipigie humo ndani ya kompyuta, sikulazimishi kwenda porini."

Mzee Mihayo akainua uso kuelekea kioo asichokiona. Miezi ile yote alikuwa ameukagua ule msitu kwa pua yake, mnyama kwa mnyama.

"Humo hakuna tembo," akasema.

"Hakuna?"

"Hakuna hata kinyesi chake."

"Pole sana, mtani."

Pembe ya mdomo wa mzee ikatikisika, akajifuta uso kwa kiganja ili tusione, akasema, kwa sauti ya mtu aliyeporwa mali yake mchana kweupe, "Basi tezo limekwenda. Mimi sikumpa mwanamke. Mnashuhudia. Nimeibiwa na Mzaramo." Wote tukasema tunashuhudia. Naye akanigeukia, uso ukielekea begani kwangu kama kawaida, akasema, "Wewe uliyepewa mali ya wizi, mbona umekaa? Katafute mninga mkavu. Ukileta mbichi nitajua kwa harufu."

Nilichonga kitako changu cha kwanza kwa wiki tano, nyuma ya kipenu, kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Nilimchongea yule mtu wa glovu, kwa sababu vipimo vyake nilivijua kuliko vya mtu yeyote. Nilijikata kidole mara mbili. Kilipokwisha kilikuwa kizuri, nasema bila haya, wekundu wa mninga umelala kama mawimbi. Mzee akakipapasa kutoka mwisho hadi mwisho. Akakiegemeza begani, akalaza shavu.

"Umefuata vipimo?"

"Vyote."

"Basi ndiyo shida. Huyu mtu hayupo. Umemchongea hewa." Akanirudishia. "Pikia."

Nikapikia. Ugali wa siku hiyo niliusonga machozi yakichuruzika, na wateja wakausifu. Lakini niliposonga nilikuwa namtazama yeye, amekaa kwenye benchi langu la mguu uliokatika, na kwa mara ya kwanza niliona anavyokaa. Alikuwa haoni tena, lakini alikuwa hajaacha kuja. Alikuja kusikiliza. Mchezo ule ulikuwa na sauti nyingi kuliko tulivyojua sisi wenye macho, upepo, matawi, ndege, kwato. Yeye aligeuza sikio la kushoto kwenye spika, kichwa kikalala upande wa kulia bila mahali pa kulalia, shingo ikatetemeka kwa uchovu, akawaambia wachezaji, "Nyuma yako. Wawili. Mmoja amesimama, anakunusa." Nao wakageuka, na kweli. Vijana wa stesheni walianza kumwomba akae karibu nao kama mtu anayeomba dua. Na yule mzee, aliyepima viwiko vya watu wote, alikuwa amekaa kwenye kitu kisichompima.

Sikumwambia. Nilimpima kwa macho wakati anakula, kwa kivuli chake ukutani, kwa alama aliyoiacha kwenye vumbi la benchi. Kutoka pindo la goti mpaka kisigino. Kutoka kiunoni mpaka begani. Na pale kichwa chake kilipokuwa kinaangukia nikaweka egemeo, upande wa kulia tu, lililobonyea kidogo, kama shavu la kitako. Kiti cha ajabu, cha upande mmoja. Mama Zarina alikiona akauliza kama nimekosea, nikamwambia ndiyo. Jumatatu moja nikaliondoa benchi nikaweka kiti, nikampokea mzee mkono, nikamkalisha, nikarudi kwenye sufuria zangu kama sina habari.

Alikaa. Mikono ikapita kwenye mbao, chini, pembeni, nyuma. Mchezaji alikuwa msituni, krup, krup. Mzee akageuza sikio la kushoto kama kawaida, kichwa kikaanguka kulia, na shavu likatua kwenye egemeo. Akatulia. Shingo haikutetemeka.

"Umenipima lini?" akauliza.

"Ukila."

"Hukunigusa?"

"Sikukugusa."

Mimi nilibaki nimesimama na mwiko. Kisha akainua kidole. "Nyamazeni. Kulia kwenye maji, anakunywa. Ngoja ainue kichwa." Mchezaji akangoja. Risasi ikalia, watu wakapiga kelele, ukuta wa Mama Zarina ukagongwa. Katikati ya zile kelele mzee akasema, bila kunigeukia, "Wabeja, fundi." Wabeja kwetu ni asante. Lakini mimi nililisikia lile neno la pili. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilikuwa dada, mama lishe, Njaa.

Wiki ile ile yule dereva wa Nzega, mwenye koti, aliniomba nimpime kiti cha mgongo wake unaouma. Baadaye akaja mwalimu. Baadaye Mama Zarina, kwa siri, cha kuswalia akiwa amekaa, kwa sababu ya magoti. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimezima jiko. Kompyuta ya Swedi ilikufa mwaka uliofuata, umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza, na bunduki zote za marehemu zikaenda nayo. Mzee Mihayo aliishi miaka miwili zaidi, tukamzika Kwihara, na Swedi siku hiyo alitembea mbele ya jeneza na glovu mikononi, amevaa koti la baridi juani, anatembea krup, krup, ndugu wa marehemu wanacheka na kulia. Watoto wa siku hizi wananiambia michezo inapoteza watu. Inategemea unacheza na nani.

Leo ninavyo hivi. Karakana moja Ipuli, ya matofali ya kuchoma, bati jipya. Mashine ya kupasulia mbao moja, ya kuranda mbili, moja mbovu. Mafundi wanne, watatu kati yao wanawake. Nyumba ya vyumba vitano yenye baraza. Mizinga ya nyuki thelathini. Ng'ombe saba. Shamba la Kwihara, eka tatu. Pikipiki moja ya kupelekea viti, na kwangu hununui kiti, unapimwa kiti. Mwandiko mzuri. Bunduki sina, wala sijawahi kushika.